Mashine ya Rahma Iliona Maua

Rahma ameniomba niandike kumbukumbu zangu za kazini, ziwekwe kwenye kabati la chumba cha picha ili wanaoanza kazi wazisome. Nilitaka kukataa. Halafu nikafikiri: nikikataa ataziandika yeye, na ataziandika vizuri. Basi nimekaa uani kwangu Malindi, hapa mjini Unguja, bilauri ya chai ubavuni, na ninaandika kwa wivu, kama nilivyofanya mambo mengi katika miaka yangu ya mwisho pale hospitali. Habari za vyeo na mishahara msizitafute humu. Vyeo havikunisumbua sana njiani, na mshahara mnaujua wenyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ni Bi Zuwena wa altrasaundi. Nimesoma mpaka kidato cha nne nikaishia hapo, si kwa kukosa akili, ila kwa kupenda kwetu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Malindi, nimeolewa Malindi, mlango wa tatu kutoka kwetu, na siku ya kuhamia kwa mume wangu mama alilia kana kwamba nakwenda Maskati. Fumba, hapo kusini tu ya mji, nimefika mara mbili na mara zote mbili niliumwa kichwa. Watu husema dunia ni pana; mimi nimewaachia upana wao.

Hospitali niliingia kwa kazi ya mapokezi. Nilikuwa naita majina ya wagonjwa dirishani, na sauti yangu ilifika mpaka nje kwa wauza machungwa. Bwana Machano, aliyekuwa akiendesha chumba cha picha, akaja siku moja akasimama mbele ya dirisha langu akaniambia, "Wewe mwanamke, sauti hiyo inapotea bure. Njoo ujifunze sauti isiyosikika."

Bwana Machano alikuwa Mtumbatu, mwembamba, mwenye kukasirika haraka na kusahau haraka zaidi. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha chochote. Alinipa kile kipande cha mkononi kinachotelezeshwa juu ya ngozi ya mgonjwa, ambacho sisi pale tukikiita pasi, akanipa na chupa ya jeli, akasema, "Tafuta figo yako." Kisha akaenda kunywa kahawa.

Nikafunga mlango, nikalala kitandani, nikajipaka jeli, nikajipiga pasi mwenyewe huku shingo imepinda kutazama kioo. Niliona mawingu. Niliona mawingu mengine. Mwisho nikaona kitu cha mviringo chenye giza katikati, nikafurahi, nikamwita.

"Bwana Machano! Figo hii hapa!"

Akaja, akatazama, akarudi kwenye kahawa yake. Kutoka kule akasema, "Hiyo si figo. Hilo boflo ulilokula asubuhi."

Mnaoanza kazi, lishikeni hilo. Hewa tumboni huipigia sauti mlango usoni, na nyuma yake huoni kitu. Miaka yangu yote nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wamekula nini, na kila nikiuliza namsikia yule mzee akipiga funda la kahawa.

Alikuwa na mambo yake mengine. Jeli lazima iwe imewekwa ndani ya beseni la maji ya moto kabla ya mgonjwa kuingia, kwa sababu tumbo la mtu si jokofu. Pasi haifutwi kwa kanga, hata kanga iwe mpya. Na lile alilolirudia mpaka likanichosha: "Mgonjwa akinyamaza, mkono wako unabonyeza mno." Watu wasipoumia wanasema, wanalalamika, wanauliza mtoto wa kike au wa kiume. Ukiona kimya, legeza. Nilimwuliza mara moja kama hilo limeandikwa kitabuni. Akanijibu kuwa vitabu vimeandikwa na watu wenye mikono mizito.

Kesi iliyonipa jina ilikuwa ya fundi cherehani mmoja wa Mkunazini. Aliingia anachechemea, muundi umevimba, amekwishaambiwa na kila mtu mtaani kuwa ni baridi yabisi. Nikapitisha pasi nyuma ya goti. Mshipa wa damu ulio mzima ukiubonyeza unalala, ukiachia unaamka. Wake haukulala. Nikabonyeza tena.

"Mama, hilo goti si embe," akaniambia.

"Kaa kimya."

"Si ndo mnasema mtu akikaa kimya anaumia?"

Mshipa haukulala, maana yake damu ilikuwa imeganda ndani. Akapelekwa wodini hapo hapo badala ya kurudi kwenye cherehani yake na donge linaloweza kupanda mapafuni. Baada ya hapo madaktari walikuwa wakiona mguu tu wananiletea. Mguu umevimba, Zuwena. Mguu umepoa, Zuwena. Miguu ya Unguja nzima imepita chini ya pasi yangu. Watu wengine huwa wafalme wa nchi; mimi nilikuwa malkia wa miguu, nikatawala kwa raha, na Bwana Machano alipostaafu akarudi kwao Tumbatu, chumba kikawa changu na beseni likawa langu.

Hapo ndipo akaja Rahma.

Alikuja na cheti chake cha chuo, buibui lililonyooshwa vizuri, na adabu iliyokuwa ikinikera kwa kuwa haikuwa na kasoro. "Shikamoo, Bi Zuwena." Marahaba. "Nikusaidie jeli, Bi Zuwena?" Saidia. Nikamwambia atafute figo yake, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa ameipata, ameipima urefu, na ameanza kuitafuta ya pili. Nikamwuliza amekula nini asubuhi. "Nimefunga sunna," akajibu. Sikumpenda siku hiyo.

Lakini nilimfundisha. Nilimpa vyote alivyonipa Bwana Machano na vingine nilivyovivumbua mwenyewe, na alivichukua vyote bila kuangusha hata kimoja. Mwalimu huwa anatarajia mwanafunzi atasahau nusu, ili naye abaki na cha kusemea. Rahma hakunibakishia.

Kisha wakaja wageni wa mradi. Walikuwa na mashine mpya ya kutazama mishipa midogo ya damu, hasa kwenye miguu ya watu wa sukari, na walitaka mtu mmoja wa kwetu aende kujifunza nje kwa miezi minne. Waliniuliza mimi kwanza. Naomba hili msilipite haraka: mimi kwanza.

"Miezi minne?" nikasema. "Nani atamwagilia mrehani wangu?"

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Nikawaambia mimi nalala kwangu. Wakamwuliza Rahma, na Rahma akaenda. Alinitumia picha kwenye simu amesimama katikati ya theluji, amefungwa masweta kama mzigo wa posta, anacheka. Nikamwonyesha mume wangu. "Maskini," nikasema, "tazama anavyoteseka." Mume wangu akaitazama ile picha muda mrefu akasema, "Mbona ananawiri?"

Aliporudi alikuja na mashine. Ikawekwa ndani ya chumba changu kwa sababu hapakuwa na chumba kingine, na katikati wakatia pazia. Upande huu altrasaundi yangu, upande ule ya Rahma. Na kwa kuwa umeme wa chumba haukuweza kuzibeba mbili kwa pamoja, tukapangiwa zamu. Sasa niambieni, ninyi mlioolewa: chumba kimoja, pazia katikati, na zamu. Nikaipa jina siku ile ile. Nikaiita Mke Mwenza, na jina likashika mpaka kwa madaktari.

Rahma alinieleza inavyofanya kazi, kwa ile adabu yake. "Bi Zuwena, unajua bati la paa linavyolia jua likitoka ghafla baada ya wingu? Ta, ta, ta?"

"Nnalijua bati."

"Basi ndo hivyo. Jua limelipasha, limetanuka, limepiga kelele. Hii mashine inatupa mwanga wa leza, mfupi, kufumba na kufumbua. Mwanga ukifika kwenye damu, damu inaunywa, inapata joto dogo ambalo hata mgonjwa halisikii, inatanuka, inalia. Sisi tunasikiliza kilio chake, tunachora picha. Wewe unatupa sauti ndani, inagonga vitu, inarudi. Sisi tunatupa mwanga, na sauti inatoka kwa damu yenyewe."

Yaani mimi miaka yote nilikuwa nakwenda kuwapigia watu hodi, na yeye sasa anamulika tu, wao wenyewe wanaitika naam. Niliielewa mara moja. Ingekuwa bora nisiielewe. Mtu huona wivu kidogo kwa kitu asichokijua. Hiki nilikijua uzuri wake siku ya kwanza, na kilikuwa upande wa pili wa pazia.

Wivu wangu ulikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nikiisugua altrasaundi yangu mpaka inang'aa kuliko ile mpya. Nilikuwa nikivaa kanga fulani siku za zamu ya Rahma, na maneno ya kanga ile siyaandiki hapa, ila yeye aliyasoma, maana ndiyo kazi ya kanga. Siku ya pili akaja na ya kwake, akanijibu. Tukaendelea hivyo wiki nzima, tukiamkiana vizuri tu, mpaka zangu zikaniishia. Na mgonjwa akitoka upande wa kule nilikuwa namvizia mlangoni.

"Wamekuona vizuri?"

"Bi Zuwena weee! Mishipa yangu inang'ara kama taa za Forodhani!"

"Angalia," nilisema. "Taa za Forodhani nazo hukatika."

Na kweli hazikukosa kukatika. Waliotengeneza mashine ile waliipima kwa mikono yao wenyewe, mikono ya watu wa theluji. Ngozi zetu nyeusi zinakunywa mwanga juu juu kabla haujafika kwenye damu, kwa hiyo miezi ya mwanzo Rahma aliona ngozi nyingi na mishipa michache. Alikaa akirekebisha, akapunguza huku, akaongeza kule, akawaandikia wenyewe wakarekebisha na wao. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa namchokoza: "Kwani leo imeona nini?" "Inaona, Bi Zuwena. Polepole inaona." Ikaja kuona. Wazee wa kliniki ya sukari wakawa wanampangia foleni yeye.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu Salha anakaa Mbweni. Ni mkubwa wangu, mnene, mcheshi, na ana sukari ya siku nyingi ambayo huihesabu kama mgeni aliyekaa sana na asiyefaa kufukuzwa. Alijikwaa, kidole gumba cha mguu wa kulia kikafanya kidonda, naye akakificha kwa sababu alikuwa anamwoza binti yake Mwanaisha na hakutaka mtu amwambie alale. Aliponiita kidonda kilikuwa cheusi, na harufu yake niliisikia kabla sijavuka kizingiti.

Nilimleta kwa Dokta Othman, mpasuaji wetu, ambaye hazungumzi sana. Akautazama mguu, akatutazama sisi.

"Kidole hiki kimekwisha," akasema. "Ninachotaka kujua ni damu inafika wapi. Ikiwa inafika mpaka kwenye shina la vidole, nitakata kidole tu, na kidonda kitapona. Ikiwa inaishia kifundoni, nikikata kidole hakiponi, kinaoza tena, kinapanda. Hapo itabidi nikate chini ya goti."

Salha, ambaye hanyamazi, alivuta kanga akaufunika mguu. Kisha akasema, "Dokta, nna harusi."

"Najua, mama. Ndiyo nataka kujua damu inafika wapi."

Nikaanza mimi. Ilikuwa haki yangu, miguu ni yangu, dada ni wangu. Jeli nimeipasha mimi mwenyewe. Nikapita nyuma ya goti, damu ipo. Nikateremka mpaka kifundoni, nikakuta mishipa imetiwa chokaa na ile sukari, kuta zake zimekuwa ngumu kama bomba, sauti inagonga inarudi, nyuma yake giza. Nikaenda kwenye unyayo, kwenye vidole. Mishipa ya huko ni midogo kama uzi, na pasi yangu haijapata kuwa na macho ya uzi.

"Kidoleni?" Dokta Othman akauliza.

"Sioni."

"Huoni kwa sababu haipo, au huoni kwa sababu huoni?"

Nikafuta jeli kwenye mguu wa dada yangu, nikafungua pazia kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema, "Rahma, mwanangu. Zamu yako."

Wakamvisha Salha miwani mizito ya kuzuia leza, nasi tukavaa zetu. "Mmenivisha kama fundi wa mageti," akasema. Rahma akamwaga jeli, akaweka kipande chake juu ya mguu, akabonyeza kitufe, picha ikaanza kujichora kwenye kioo mstari kwa mstari.

Ilichora ua.

Si mshipa unaofanana na ua. Ua, lenye majani matano na tawi linalozunguka mpaka kwenye vidole. Na chini ya ua hilo likachora ua jingine hafifu, na chini yake jingine, kama mwangwi wa maua ukishuka kisimani. Damu hata tone.

Tukatazama wote. Aliyezungumza kwanza alikuwa Salha, ameinua shingo. "Hilo tawi nnalijua! Kazi ya Mwanaisha hiyo. Kila siku namwambia tawi lake linapinda, hasikii."

Ilikuwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua ya harusi. Mama wa bibi harusi naye hupambwa, na Mwanaisha alikuwa amemchora mama yake piko juu ya mguu mpaka kwenye ugoko, nzito, iliyokolea; sote tuliiona tangu mlangoni na hakuna aliyeifikiria. Na kitu cheusi kikikaa juu ya ngozi, mwanga wote wa leza huishia pale pale. Piko ndiyo iliyounywa, ndiyo iliyolia, na kelele zake zikafunika kila kilichokuwa chini. Karatasi ya masharti ya wageni ilikataza mafuta, plasta na cheni za miguuni. Piko hawakuijua. Na wagonjwa wa Rahma mpaka siku ile walikuwa wazee wa kiume, ambao kama wana piko ni siri yao.

Nitasema kweli kwa kuwa mnanijua: lilipotokea lile ua, kifua changu kilipata upepo. Mke Mwenza kaaibika. Upepo ule haukumaliza hata kupita, nikaona ni mguu wa nani.

"Leteni ndimu na brashi," Salha akasema. "Nisugue."

"Mguu huu usiuguse hata kwa ukucha," akasema Dokta Othman. "Ngozi ikichubuka tumejiongezea kidonda. Hiyo itatoka lini yenyewe?"

"Wiki mbili."

"Haiwezi kutoka mapema?"

"Dokta! Mie natiwa piko mbovu?"

"Mama, wiki mbili sina. Keshokutwa ni lazima nikate." Akageuka kwa Rahma. "Kama hakuna njia ya kuona, nitakata pale ninapojua damu ipo." Na mkono wake ukaenda wenyewe mpaka chini ya goti la dada yangu, ukasimama pale.

Rahma alisogea nyuma. Alikaa kwenye kigoda, akavua miwani. Nilidhani atashika vitufe vyake kama kawaida. Hakutazama kioo kabisa. Alitazama mguu, kule chini.

"Bi Salha," akasema, "nyayo umetia nini?"

"Nyayo? Hina, mwanangu. Nani anatia piko nyayoni, akakanyage nayo nini?"

"Hina tupu? Hamkuchanganya na kitu?"

"Hina na maji ya ndimu. Kama watu."

Rahma akainua mkono wake wa kushoto. Ncha za vidole vyake zilikuwa na hina, nyekundu iliyokolea, ya sikukuu. Akavaa miwani, akajipaka jeli, akaweka kidole chake mwenyewe mbele ya leza. Tukangoja. Kioo kikachora kidole, na ndani ya kidole mishipa, mmoja mmoja, safi, kana kwamba hina haipo. Mwanga wa mashine ile ulikuwa wa rangi ambayo hina haiinywi. Inaupitisha kama kitambaa chepesi.

Hapo ndipo wivu ulinishika kuliko siku zote. Mimi natia hina tangu sijavunja ungo. Nimepambwa na nimepamba wenzangu, najua kila mwanamke wa mji huu anatia nini wapi, juu piko na chini hina. Na sikuwaza. Aliyewaza ni huyu mtoto aliyekwenda akasimama kwenye theluji. Mashine wangenipa mimi kwanza, nikakataa, sawa. Lakini hina? Hina nayo?

"Mpindueni," Rahma akasema. "Alale kifudifudi, unyayo utazame juu. Bi Zuwena, shika kifundo, kisitikisike."

Nikashika. Salha amelala kifudifudi, uso kwenye mto, analalamika kuwa katika umri wake hajapata kulazwa hivi mbele za watu. Rahma akaanza. Kwenye kioo ukatokea unyayo, na kitu chekundu kwa mbali, kisha kikapotea. Kikatokea, kikapotea.

"Nani aliyezima?" akauliza Dokta Othman.

Rahma aligeuza kichwa. "Bi Zuwena," akasema polepole, "Bi Salha amenyamaza."

Ni kweli. Salha alikuwa amenyamaza na mimi sikusikia. Nilikuwa nimembana kifundo kwa nguvu zangu zote, damu imezuiwa mikononi mwangu. Maneno ya Bwana Machano, yaliyopita kwangu, yakanirudia kutoka kinywani mwa Rahma ambaye yule mzee hajapata kumwona.

Nikalegeza.

Ikaja. Kwanza shina moja, kisha likagawanyika, kisha matawi, membamba kama mizizi ya mrehani ukiung'oa chunguni. Yakaenda yakipita katikati ya unyayo, yakafika kwenye shina la vidole, yakaingia kidole cha pili, cha tatu, cha nne, cha mwisho. Kwenye kidole gumba yalifika mlangoni yakasimama, ndani giza.

Dokta Othman aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Aliifuatisha ile mishipa kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Kisha akauondoa mkono wake wa pili, uliokuwa umerudi wenyewe chini ya goti la dada yangu.

"Kidole," akasema. "Kidole tu."

"Nini? Kasema nini?" Salha akauliza ndani ya mto. "Mbona mmenyamaza nyie?"

Kidole kilikatwa, na kidonda kikapona kwa mwendo wake. Harusi ilisogezwa mbele, na Salha aliingia ukumbini kwa miguu yake, ndara moja imetiwa pamba, piko mpya kabisa, tawi limepinda vile vile. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la biriani. Akamshika Rahma mkono mbele ya wanawake wote wa Mbweni na nusu ya Malindi.

"Huyu ndiye aliyeniona mguu! Huyu mwanangu!"

"Na mie?" nikasema, na sinia langu.

"Wewe ulinibana kifundo, mpaka leo kinauma."

Tangu siku hiyo dada yangu akinipigia simu huniuliza habari za Rahma kwanza. Akishapata za Rahma, ananiuliza kama nshakula.

Siku za mwisho zilikwenda haraka. Mradi ukawa kazi ya kawaida, umeme ukarekebishwa, zamu zikaondoka, lakini pazia nililiacha. Kwenye karatasi ya masharti, chini ya plasta na cheni, Rahma ameongeza neno piko kwa mwandiko wake mzuri. Someni ukutani mtaliona. Na ukimwuliza mwanamke, usimwulize tu kama ametia. Mwulize juu au chini.

Wiki yangu ya kustaafu Rahma aliniambia ana jambo analitaka. "Siku yako ya mwisho, Bi Zuwena, nikupige picha mkono wa kulia. Tuuweke ukutani."

"Mkono wangu una nini?"

"Ndo nnataka kuuona."

Nikamwambia sawa. Nikaenda Mbweni, na mjue kuwa kwenda Mbweni kwangu ni safari, nikamkalisha Mwanaisha anichore piko mkono wote mpaka karibu na kiwiko, nzito, isiyo na nafasi hata ya kuchoma sindano. Mtu umemfundisha kazi, amekuchukulia miguu yako, hina yako na dada yako. Akuone mpaka ndani? Hapana. Aone maua.

Siku ile tulikula keki, dokta akasema maneno machache kama kawaida yake, kisha Rahma akanikalisha upande wake wa pazia. Nikavaa miwani. Nikanyoosha mkono, mgongo wa kiganja juu, ninacheka moyoni. Kioo kikachora ua, tawi lake limepinda.

Rahma akalitazama. Akanitazama.

"Bi Zuwena. Umefanya makusudi."

"Nimefanya makusudi."

Alicheka mpaka akavua miwani afute macho. Kisha, kwa ile adabu yake isiyo na kasoro, akaushika mkono wangu akaugeuza, kiganja juu. Na kiganjani, mimi mjinga, nilikuwa nimetia hina.

Mishipa ikatokea yote. Iliteremka kutoka kwenye kiungo cha mkono ikatawanyika vizuri tu, mpaka kwenye nyama ya chini ya kidole gumba. Pale ikapinda, ikazunguka pembeni, ikaacha nafasi tupu ya mviringo, kama watu wanavyoacha njia kwa kitu kilichowekwa pale siku nyingi.

"Pasi ilikuwa inakaa hapa," akasema Rahma.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema kuwa nilijua, kwamba hahitaji kuniambia mimi mkono wangu. Nikatazama ile nafasi kwenye kioo chake, na nikanyamaza.

Rahma akalegeza mkono mara moja. Na wallahi, alikuwa habonyezi.